Silene acaulis

Silene acaulis ni mmea mdogo wa kudumu wa familia Caryophyllaceae. Huota katika nchi za Aktiki na juu ya milima mirefu ya Ulaya na Amerika Kaskazini, kwenye mawe na changarawe ambako miti haiwezi kumea. Mashina yake mafupi husongamana na kufanya umbo la mto wa kulalia. Mto huo ni wa kijani, na katika majira ya joto hufunikwa na maua madogo ya rangi ya waridi. Kimo chake kwa kawaida hakizidi sentimita 10, lakini mmea mmoja unaweza kuishi zaidi ya miaka 300.

Mmea huu hupandwa pia katika bustani za mawe, hasa Ulaya na Amerika Kaskazini. Hukua polepole mno. Upole huo ndio unaouwezesha kuishi mahali ambapo mimea mingi hushindwa, na ndio huohuo unaoufanya ushindwe kupona haraka ukikanyagwa, ukichimbwa au hali ya hewa inapobadilika.

Katika makala hii neno "mto" lina maana ya kitu cha kuwekea kichwa wakati wa kulala, si mto wa maji.

Jina

Jina la jenasi, Silene, kwa kawaida huhusishwa na Silenus, mzee mlevi wa hadithi za Wagiriki wa kale aliyefuatana na mungu Dionysus. Spishi nyingi za jenasi hii hutoa utomvu wa kunata kwenye mashina, na ndiyo sababu Wajerumani huziita Leimkraut, yaani mmea wa gundi. Neno acaulis ni la Kilatini na maana yake ni "usio na shina". Kwa kweli mmea una mashina, ila ni mafupi na yamefichwa na majani, kwa hiyo mtazamaji huona maua kana kwamba yametoka moja kwa moja ndani ya mto.

Carolus Linnaeus wa Uswidi aliueleza mmea huu mwaka 1753 kwa jina la Cucubalus acaulis. Mwaka 1762 Nikolaus Joseph von Jacquin, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi Austria, aliuhamishia katika jenasi Silene, na jina hilo ndilo linalotumika hadi leo.

Watu wa nchi za baridi wameupa majina yao wenyewe. Katika Iceland huitwa lambagras, yaani majani ya wanakondoo. Wanorwei huuita fjellsmelle. Waingereza huufananisha na kigoga, ile mimea midogo laini inayotanda juu ya mawe yenye unyevu, ingawa kigoga hakina maua na hakina undugu wa karibu na mmea huu. Ndugu zake wa familia moja ni pamoja na kanesheni, maua yanayolimwa Kenya kwa ajili ya soko la nje.

Maelezo

Mmea mzima hutegemea mzizi mkuu mmoja, mnene na mrefu, unaoshuka ndani ya nyufa za mwamba. Kutoka juu ya mzizi huo matawi mengi mafupi huenea kila upande, na kila tawi huishia kwenye fundo dogo la majani. Mafundo hayo hubanana hadi uso wa mto kuwa sawasawa kama zulia. Mto mchanga huwa na upana wa sentimita chache tu, na uliokomaa huweza kuzidi sentimita 30.

Majani ni membamba, yamechongoka nchani, na urefu wake ni takriban milimita 6 hadi 12. Kingo zake zina vinyweleo vifupi vinavyoonekana vizuri kwa kioo cha kukuzia. Majani yanapokufa hayadondoki, bali hubaki yameshikamana na tawi kwa miaka mingi. Ukipasua mto uliokufa utaona tabaka nyembamba la kijani juu, na chini yake majani makavu ya kahawia yaliyochanganyika na vumbi na mboji.

Maua hutoka moja moja juu ya vikonyo vifupi. Kila ua lina upana wa takriban sentimita moja, petali tano zenye pengo dogo nchani, na sepali zilizoungana kuwa kikombe. Rangi ya kawaida ni waridi, lakini mimea yenye maua meupe hupatikana mara chache. Tunda ni kibumba kikavu kinachopasuka juu na kuachia mbegu ndogo.

Wataalamu wengine hugawa spishi hii katika nususpishi kadhaa. Mojawapo ni bryoides, inayoota hasa juu ya miamba isiyo na chokaa. Maua yake ni madogo na vikonyo vyake ni vifupi sana. Wengine huona tofauti hizo si kubwa kiasi cha kuhitaji majina ya pekee.

Usambazaji

Mmea huu huizunguka sehemu kubwa ya Aktiki. Unapatikana Alaska, kaskazini mwa Kanada, Greenland, Iceland, Svalbard, Skandinavia na kaskazini mwa Urusi. Kusini zaidi huota juu ya milima tu: Alpi, Pirenei na Karpati huko Ulaya, na Milima ya Rocky huko Amerika hadi jimbo la New Mexico. Uingereza unaota hasa katika nyanda za juu za Uskoti, na pia kwenye milima ya Wales.

Kimo cha mahali unapoota hubadilika kwa kadiri ya umbali kutoka ncha ya kaskazini. Katika Alpi hupatikana hata juu ya mita 3,000, wakati kaskazini kabisa mwa Uskoti na katika Aktiki huteremka hadi karibu na usawa wa bahari. Sababu ni kwamba mmea hufuata baridi, na kadiri unavyoelekea kusini baridi ya namna hiyo hupatikana juu zaidi.

Mtawanyiko huu unaeleweka vizuri ukikumbuka enzi ya barafu ya mwisho. Wakati huo barafuto zilifunika sehemu kubwa ya kaskazini mwa Ulaya na Amerika, na mimea ya baridi iliishi pia katika maeneo yaliyo chini na kusini zaidi kuliko leo. Joto liliporudi, mimea hiyo ilisogea kaskazini na kupanda milimani. Jamii zilizobaki juu ya vilele vya kusini sasa ni kama visiwa vilivyozungukwa na nchi yenye joto.

Faida ya umbo la mto

Umbo la mto limetokea katika familia nyingi za mimea zisizo na undugu wa karibu, na katika milima ya karibu kila bara. Jambo hilo linaonyesha kwamba ni jibu zuri kwa shida za milimani: upepo, baridi, ukame wa udongo na majira mafupi ya kukua.

Kwanza, umbo la duara lililobanwa lina uso mdogo ukilinganisha na ukubwa wake. Upepo hupita juu yake bila kupenya ndani, kwa hiyo mmea haupotezi maji na joto kwa haraka.

Pili, mto hutunza joto la jua. Siku ya jua na upepo mdogo, halijoto ndani ya mto inaweza kuzidi ya hewa iliyo juu yake kwa zaidi ya nyuzi 10 za selsiasi. Mahali ambapo majira ya joto huchukua wiki chache tu, nyongeza hiyo huamua kama mbegu zitakomaa au la.

Tatu, majani makavu yaliyobaki ndani hunyonya maji ya mvua na ya theluji kama sifongo. Yanapooza huwa mboji, na mmea hujitengenezea udongo wake wenyewe juu ya changarawe tupu.

Nne, mzizi mkuu hushikilia mmea wakati ardhi inapoganda na kuyeyuka. Mabadiliko hayo husukuma mawe na kung'oa miche yenye mizizi mifupi.

Faida hizi haziishii kwa mmea wenyewe. Mbegu za nyasi na za mimea mingine zinazoanguka juu ya mto hupata unyevu, mboji na kinga ya upepo, nazo huota hapohapo. Watafiti wameona kwamba katika sehemu zenye hali ngumu zaidi mara nyingi spishi nyingi huota ndani ya mito hii kuliko kwenye ardhi tupu iliyo kando. Kwa hiyo mmea huu ni mlezi wa mimea mingine, ingawa wageni wakiwa wengi huweza kuupunguzia mwenyeji maua na mbegu.

Maua na uzazi

Maua hufunguka mara tu baada ya theluji kuyeyuka, kwa kawaida kati ya Juni na Agosti. Upande wa kusini wa mto hutangulia kuchanua, na ule wa kaskazini hufuata siku kadhaa baadaye. Kwa msomaji anayeishi karibu na ikweta jambo hili linahitaji maelezo. Katika nchi za kaskazini jua la mchana halifiki utosini, bali hupita upande wa kusini wa anga. Upande wa mto unaotazama kusini hupata joto zaidi na kuchanua mapema. Kwa sababu hiyo wapanda milima wengine wameuita mmea huu dira.

Mimea ya spishi hii haina jinsia ya namna moja. Baadhi ina maua yenye sehemu zote mbili, stameni za kutoa chavua na ovari ya kutoa mbegu. Mingine ni ya kike tu: stameni zake zimedumaa, na ni lazima ipate chavua kutoka kwa jirani. Mimea ya kike kwa kawaida huzaa mbegu nyingi zaidi. Chavua hubebwa na nyuki wakubwa wenye manyoya, vipepeo, nondo na nzi.

Kuna kuvu anayetumia njia hiyohiyo ya wadudu. Kuvu wa jenasi Microbotryum huuambukiza mmea na kujaza spora nyeusi mahali ambapo chavua ingekaa. Mdudu akitembelea ua lenye ugonjwa huondoka na spora badala ya chavua na kuzipeleka kwenye ua lingine. Hata mmea wa kike ukiambukizwa huota stameni, lakini hizo nazo hubeba spora za kuvu tu.

Umri

Mto hupanuka kidogo sana kila mwaka, mara nyingi kwa milimita chache au chini ya hapo. Mche unaweza kuchukua miaka mingi kabla ya kutoa ua la kwanza, na miche mingi hufa kabla ya kufika hapo. Mmea ukishakomaa, hatari ya kufa katika mwaka wowote huwa ndogo.

Watafiti William Morris na Daniel Doak walifuatilia mimea ya Alaska mmoja mmoja kwa miaka kadhaa, wakipima ukuaji na vifo. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 1998 walikadiria kwamba mito mikubwa zaidi ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 300. Ili kuelewa muda huo, mmea wa miaka 300 uliopimwa wakati huo ulichipua karibu na mwaka 1698, mwaka ambao Waomani waliiteka Ngome ya Yesu huko Mombasa. Linnaeus alikuwa bado hajazaliwa.

Kwa kuwa upana wa mto huongezeka kadiri ya umri, wanajiolojia wameutumia kukadiria umri wa ardhi yenyewe. Wakijua kasi ya ukuaji mahali fulani, hupima mito mikubwa zaidi iliyoota juu ya mawe yaliyoporomoka au yaliyoachwa na barafuto. Hivyo hupata kadirio la muda ambao mawe hayo yamekaa bila kusogea.

Katika bustani za mawe

Bustani ya mawe ni bustani inayojengwa kwa miamba, changarawe na udongo usiotuamisha maji, ili kuotesha mimea ya milimani nje ya milima yake. Mtindo huu ulienea Uingereza katika karne ya 19. William Robinson alichapisha mwaka 1870 kitabu kilichowahimiza wakulima wa bustani kupanda maua ya Alpi. Bustani ya Kew, London, ilijenga bustani yake ya mawe mwaka 1882. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwandishi Reginald Farrer aliufanya upendwe zaidi, na kitabu chake kikubwa juu ya bustani za mawe kilitoka mwaka 1919. Chama cha wapenzi wa mimea ya milimani kilianzishwa Uingereza mwaka 1929, na cha Marekani mwaka 1934.

Silene acaulis hustawi ukipata jua la kutosha, changarawe nyingi na maji yanayopita haraka. Baridi haiudhuru, adui yake mkubwa ni maji yanayotuama wakati wa majira ya baridi, kwa sababu huozesha shingo ya mmea. Kwa hiyo wakulima hutandaza changarawe kavu chini ya mto, au huupanda kwenye ufa kati ya mawe mawili. Wengine huupanda katika birika la mawe lililotobolewa chini. Mbolea nyingi hurefusha matawi na kulegeza mto.

Mbegu hupandwa mwishoni mwa mwaka katika vyungu vyenye mchanga na changarawe, na vyungu huachwa nje ili vipitie baridi kabla ya joto kurudi. Njia nyingine ni kukata vipandikizi vidogo katika majira ya joto na kuvichomeka kwenye mchanga wenye unyevu. Kuhamisha mmea mkubwa hushindikana mara nyingi, kwa sababu mzizi mkuu hukatika. Mmea uliochimbwa mlimani kwa kawaida hufa, na mahali pake hubaki shimo litakalohitaji miaka mingi kuzibwa na mmea mwingine. Ni vema kununua miche iliyooteshwa kwa mbegu au vipandikizi.

Wakulima wa mabondeni wana lalamiko moja la miaka mingi: mmea hukua vizuri lakini hutoa maua machache, wakati mlimani hujifunika maua hadi majani yasionekane. Kwa sababu hiyo huchaguliwa aina zinazosifiwa kwa maua au majani yake, kama 'Alba' yenye maua meupe na 'Frances' yenye majani ya rangi ya dhahabu. Katika nchi za joto zisizo na majira ya baridi, kama pwani ya Afrika Mashariki, mmea huu haufai.

Mimea ya aina hii Afrika Mashariki

Silene acaulis haioti Afrika kiasili, lakini umbo lake lipo kwenye milima ya Afrika Mashariki. Olov Hedberg, mtaalamu wa mimea kutoka Uswidi, alichunguza mimea ya juu ya Mlima Kenya, Kilimanjaro, Elgon, Rwenzori na milima mingine. Aliigawa katika maumbo makuu matano, na mojawapo ni mimea yenye umbo la mto. Mfano ni Sagina afroalpina, mmea mdogo wa familia ileile ya Caryophyllaceae. Wageni wengi huupita bila kuuona, kwa kuwa macho yao yako juu kwenye mimea mikubwa ya jenasi Dendrosenecio na Lobelia.

Shida za milima hii zinafanana na za Alpi, lakini ratiba yake ni tofauti. Katika Alpi baridi huja kwa miezi na kuondoka kwa miezi. Karibu na ikweta, juu ya mita 4,000, ardhi huganda usiku na kuyeyuka mchana karibu mwaka mzima. Mmea wa hapo haupati majira marefu ya kupumzika chini ya theluji, hivyo hujilinda kila usiku.

Hatari na hifadhi

Kwa jumla Silene acaulis si spishi adimu, kwa sababu eneo lake ni kubwa sana. Hatari ziko mahali kwa mahali, na zote hutokana na ukuaji wake wa polepole. Mto uliopasuliwa na viatu vya wapanda milima au na magari haujifungi kwa msimu mmoja. Upepo huingia kwenye jeraha, hukausha mboji ya ndani, na upande mzima unaweza kufa. Ndiyo maana katika milima mingi wageni huombwa wasitoke kwenye njia, na wakilazimika wakanyage mawe.

Hatari iliyo pana zaidi ni ongezeko la joto. Mwaka 2010 Doak na Morris walichapisha utafiti wa spishi hii na nyingine ya milimani, kutoka kusini mwa Milima ya Rocky hadi Alaska. Waligundua kwamba katika jamii za kusini mimea ilikufa zaidi na miche ilikuwa michache. Hata hivyo, mimea iliyobaki ilikua haraka zaidi, na ukuaji huo ulifidia hasara. Kwa mtazamaji jamii hizo zingeonekana hazina shida. Lakini katika miaka yenye joto kubwa zaidi ukuaji nao ulipungua pamoja na uhai, na fidia ikakosekana.

Matokeo hayo yanaonya dhidi ya kuhukumu kwa macho. Mto wa miaka 200 unaweza kuendelea kuchanua kwa miaka mingi baada ya mahali pake kuacha kuwafaa miche. Kilele kinaweza kuonekana kimejaa maua, kumbe hakuna mmea mchanga hata mmoja wa kurithi. Kupanda juu zaidi ni njia ya kuepa joto, lakini mbegu husafiri polepole na kila mlima una mwisho wake. Kwa sababu hiyo wanaochunguza hali ya mmea huu huhesabu miche pamoja na mito mikubwa, na hurudi kuipima mimea ileile mwaka baada ya mwaka.

Tazama pia

Aktiki
Alpi
Barafuto
Mabadiliko ya tabianchi
Mlima Kenya
Tundra